Njia Iliyo Mlangoni

Wapanda baiskeli wa milimani, yaani wale wanaoiacha lami kwa hiari yao wakaifuata njia ya mawe na mizizi, wana swali wanaloulizana wakutanapo: unakaa umbali gani kutoka kwenye njia nzuri? Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani jawabu hutolewa kwa dakika, na aghalabu dakika hizo ni za gari. Mtu huamka alfajiri ya Jumamosi, akaifunga baiskeli nyuma ya gari, akaendesha saa nzima hadi msituni, akaishusha, akapanda na kuteremka hadi adhuhuri, kisha akairudisha nyumbani ikiwa imejaa tope, wala asiwe na haraka ya kuliosha. Aliyejaliwa njia karibu na mlango wake huonewa kijicho kama aliyejaliwa kisima cha maji matamu.

Jijini Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria, yuko fundi baiskeli ambaye kwa miaka zaidi ya 20 hakuwa na haja ya kuulizwa swali hilo. Nyumba yake ilikuwa juu ya mawe ya Mabatini, na njia ilianzia kizingitini. Akifungua mlango, gurudumu la mbele lilikuwa njiani tayari. Kilichokuwa mbali kwake ni barabara.

Msomaji wa visiwani ambaye hajapata kufika Mwanza hana budi kuelezwa kidogo. Ziwa limekaa kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kutoka ukingoni mwake vilima vinapanda ghafla, navyo si vilima vya udongo bali ni majabali ya matale, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili, yaliyopandana moja juu ya jingine. Jiwe la Bismarck, lililosimama majini karibu na mjini, ndilo linalopigwa picha na wageni. Lakini watu wanaishi na mawe mengine, yasiyo na majina: Mabatini, Igogo, Isamilo, kwenye mabega ya kilima cha Bugando chenye hospitali kubwa inayoonekana kutoka kila upande. Huko jiwe moja ni ukuta wa nyuma wa chumba cha mtu, jingine ni kianikio cha nguo, na la tatu ni baraza ya wazee wakati wa magharibi. Pimbi huota jua juu ya mapaa. Mijusi yenye vichwa vyekundu na viwiliwili vya buluu hutikisa vichwa kana kwamba inakubaliana na kila anayepita.

Kiswahili cha mwambao ni tajiri wa maneno ya njia za tambarare. Kina ujia, kina uchochoro, na kina adabu zake za nani ampishe nani wawili wakikutana pembamba. Mwenye kuteremka kutoka juu ya Mabatini anahitaji maneno mengine: genge, korongo, jabali, mporomoko. Na hayo yote atayakuta kabla hajatoa jasho.

Njia ya fundi ilikuwa hivi. Kutoka mlangoni palikuwa na kipande cha changarawe, kifupi, kinachoteleza wakati wa kiangazi kuliko wakati wa mvua. Kisha jabali bapa, pana kama sakafu ya ukumbi, lililoinama kuelekea ziwani. Hapo breki hazifai kukazwa, kwa kuwa tairi likishikwa juu ya mwamba uliolowa humtupa mtu ubavu. Baada ya jabali, mpasuko kati ya mawe mawili, ambao usukani wa baiskeli hupita kwa kubakiza upana wa kidole kila upande. Fundi aliupita mpasuko huo kwa kuugeuza usukani nusu na kuurudisha, kitendo cha kufumba na kufumbua, ambacho watoto wa jirani walikaa kukitazama kila asubuhi. Kisha vipandio vya saruji vilivyojengwa na wakazi wenyewe kwa kuchangishana, halafu mfereji wa maji machafu wa kurukwa, halafu ukumbi wa mtu, kwa idhini yake. Mwishowe bonde la Mto Mirongo na barabara ya Nyerere, ambako chini ya mti kando ya barabara palikuwa na pampu yake, karai lake la kutafutia tundu la tyubu, na mkebe wa gololi.

Baiskeli aliyoanza nayo ilikuwa Phoenix ya Kichina, nyeusi, nzito, isiyo na gia, ambayo Usukuma mzima unaijua. Imebeba mkaa, imebeba sangara, imebeba mgonjwa na mwenye kumshika mgonjwa. Kule Shinyanga baiskeli ya abiria hata ilipewa jina la daladala, neno ambalo kwingineko ni la basi dogo. Na kwa wapenzi wa lugha hilo si jambo la kupita bila kulitazama. Hakuna aliyeitengeneza Phoenix akikusudia mtu ateremke nayo genge.

Wala waliouanzisha mchezo huu hawakuwa na chombo bora zaidi. Katika miaka ya 1970, kwenye Mlima Tamalpais, jimbo la California, vijana kadhaa waliokota baiskeli kuukuu za miaka ya 1930 na 1940, nzito, zenye matairi manene na breki iliyomo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, inayoshika kwa kurudisha pedeli kinyume. Tarehe 21 Oktoba 1976 walishindana kuteremka njia moja ya vumbi karibu na mji wa Fairfax. Mteremko ulikuwa mkali hata grisi iliyokuwa ndani ya kitovu ikachemka na kutoka moshi, ikawa kila baada ya mteremko sharti kitovu kifunguliwe na kujazwa grisi upya. Njia ikapewa jina kutokana na kazi hiyo: Repack, yaani kujaza upya. Mmoja wao, Joe Breeze, akaunda fremu mpya kwa ajili ya kazi hiyo mwaka 1977. Wenzake, Gary Fisher, Tom Ritchey na Charlie Kelly, wakaifanya kuwa biashara. Na mwaka 1996, kule Atlanta, mchezo ukaingia katika Olimpiki. Fundi wa Mabatini alipata kusimuliwa habari hizo na mteja mmoja mgeni. Hakusisimkwa na Olimpiki. Alichouliza ni grisi gani waliyotumia, na alipoambiwa ilichemka akatikisa kichwa: bila shaka waliijaza kupita kiasi.

Katika miaka ya 2000 baiskeli za gia zilianza kushuka Mwanza kwa wingi ndani ya makontena ya mitumba. Fundi alinunua moja iliyopinda fremu, akainyoosha, akaibadilisha spoku, akaitoa kikapu kilichokuwa kimefungwa mbele. Ilikuwa baiskeli ya milimani kweli, matairi yenye meno na gia nyingi, na hapo ndipo materemko ya asubuhi yalipoacha kuwa safari ya kazini tu. Alianza kutoka nyumbani mapema kuliko ilivyohitajika. Alipofika barabarani, mara nyingine, kabla ya mteja wa kwanza, aliibeba begani akapanda tena, akateremka mara ya pili.

Jioni aliibeba pia. Hakuna aliyeweza kupanda njia ile akiwa juu ya tandiko, na kuiacha baiskeli chini ni sawa na kuigawa. Kwa hiyo kila jua likizama alionekana akikwea mawe na fremu begani, mkono mmoja umeshika usukani. Mwishoni mwa mwaka 1984 Waingereza wawili wa ukoo mmoja, Nick na Richard Crane, walipanda Mlima Kilimanjaro hadi kileleni pamoja na baiskeli zao, kwa ajili ya kuchangisha fedha za hisani, na sehemu kubwa ya safari ile baiskeli ndizo zilizowapanda wao. Waliandikwa magazetini, na walistahili. Yafaa tu ikumbukwe kwamba vipo vilima ambavyo jambo hilo hutendeka kila siku saa kumi na mbili na nusu ya jioni, na hakuna anayegeuza shingo.

Mkewe naye alikwea kila jioni. Yeye alibeba maji.

Bomba lililokuwa na uhakika lilikuwa chini, karibu na bonde. Kwa miaka hiyo yote ndoo ilipanda kichwani mwake kwa njia ile ile: ukumbi wa mtu, mfereji, vipandio, mpasuko, jabali. Alijifungua watoto wanne akiwa mkazi wa juu ya mawe, na mara mbili alishushwa kwa kiti cha mbao kilichobebwa na wanaume wanne, kwa kuwa hakuna gari wala machela ya magurudumu inayoweza kuufikia mlango ule. Mama huyu aliijua njia kuliko mumewe. Alijua jiwe gani hutikisika baada ya mvua ya kwanza, kwa kuwa mwenye ndoo kichwani hatazami chini, hujua kwa nyayo.

Kijana wao mkubwa aliona yote mawili. Alikuwa dereva wa pikipiki, miongoni mwa wale ambao kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 waliinyang'anya baiskeli abiria na mizigo yake, na kwa namna hiyo, bila ubaya wowote, alikuwa amechangia kuupunguza mkebe wa gololi wa baba yake. Alijinyima, akanunua kiwanja Kisesa, kiasi cha kilomita 20 mashariki mwa jiji kwa barabara ya Musoma, karibu na Bujora, yalipo makumbusho ya Wasukuma. Akajenga vyumba vitatu. Akaja kuzungumza na baba yake juu ya lile jabali bapa.

"Baba, kule maji yako uani."

Fundi alijibu kwamba kule ni mbali na kazi.

"Mbali na kazi, au mbali na mawe?"

Mzee alinyamaza. Kilichotamkwa baada ya hapo hakikutoka kwa kijana bali kwa mama, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni na ambaye hakuinua uso. Alisema kwamba kwa miaka 20 amemwona baba huyu akikwea jioni na chuma begani, bega zima, lenye nguvu. Na hakupata hata siku moja kumwona akikwea na ndoo. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya unga. Kisha akaendelea kupepeta.

Walihama mwezi uliofuata. Vitu vilishuka vichwani: magodoro, masufuria, kabati lililofunguliwa vipande vipande. Mama alishuka mikono mitupu, na majirani walimpigia vigelegele hadi barabarani.

Kisesa ni pazuri. Kuna miembe, kuna upepo, na siku za Bulabo, mwezi Juni, ngoma za Bagalu na Bagika husikika hadi uani. Maji yako pale kijana alipoahidi. Fundi ameweka kibanda cha pili kando ya barabara na anapata riziki. Lakini ardhi iliyo mbele ya mlango wake ni sawa kama mkeka. Siku za mwanzo aliitoa baiskeli asubuhi, akaizungusha nyumba mara mbili tatu, akairudisha ndani.

Sasa, Jumapili baada ya misa, huipandisha baiskeli juu ya keria ya Hiace, akailipia nauli yake, akapanda na kuketi. Hushuka Mabatini. Kwa maana hiyo naye amepata jawabu la lile swali la Wazungu, nalo ni kilomita 20, dakika 50 kama hakuna foleni Igoma. Wanaomfahamu humwuliza amesahau nini huku juu, naye hujibu kwamba amekuja kuangalia paa, kwa kuwa nyumba ya zamani ameipangisha kwa kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Paa halina kasoro; aliliezeka mwenyewe.

Jumapili ya kwanza alikwea na baiskeli begani kama zamani. Pale kwenye vipandio alimkuta mpangaji wake, yule mama wa mtoto mchanga, ameketi kupumzika, mtoto mgongoni, ndoo pembeni. Mwanamke alisimama upesi kumpisha, akamwamkia shikamoo. Fundi aliitikia. Alisimama pale muda, fremu ikimchoma bega, nyuma yake kukiwa na watu wawili waliotaka kupita.

Tangu siku ile huja na madumu mawili ya lita kumi kumi, yamefungwa kwa mpira kila upande wa keria ya nyuma aliyoiunda mwenyewe kwa nondo. Huyajaza bombani, na kwa kuwa baiskeli yenye madumu haibebeki, huisukuma: hatua, breki, hatua, breki. Mpasuko haupitiki na mzigo, basi hapo huyafungua madumu, akayavusha moja moja, akarudi kuivusha baiskeli. Safari iliyokuwa ya robo saa sasa humchukua karibu saa nzima. Juu humimina maji ndani ya pipa la mpangaji, akaifungua ile keria kwa spana ili isipige kelele, akaiacha ukutani. Ndipo hukaa juu ya tandiko.

Mkewe hajaambiwa. Lakini Jumapili moja aliyakuta madumu uani yakiwa yamelowa, akayainua, akayanusa, akayaanika juu ya uzio.