Ngoma Ivumayo

"Ngoma ivumayo haidumu." Wazee huutumia msemo huu kumtuliza kijana aliyezidisha kishindo, na mara nyingi wakati huwapa haki. Ngozi hupasuka, wachezaji hutawanyika, uwanja hubaki na vumbi lake. Lakini methali hiyo hueleza mwisho wa ngoma moja tu. Sauti yake ilikokwenda, haisemi.

Mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa ni mahali pafaapo kuuliza jambo hilo. Kyela, nchi ya mpunga na kakao, imepakana na wilaya ya Karonga kwa Mto Songwe, na Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule husikilizana lugha bila mkalimani. Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipigana Karonga, na vita hivyo vya wageni vikawachukua vijana wa ziwani kuwa askari na wapagazi. Waliosalimika walirejea na gwaride miguuni. Gwaride hilo, likikutana na beni iliyoanza Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890 na kusambaa bara, likazaa katika vijiji vya ziwa hilo ngoma iitwayo mganda, au malipenga, kwa kadiri ya mahali.

Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa beni. Litakalomshangaza labda ni ala. Badala ya tarumbeta za shaba, watu wa ziwani walichukua kibuyu, wakakitoboa, wakalifunika tundu kwa utando wa buibui, kisha wakaimba ndani yake. Utando ukitetema, sauti ya binadamu hutoka imekwaruzika, kama tarumbeta iliyoingiwa na nyuki. Mkwaruzo huo si kasoro, ndio unaotafutwa. Vijana walijipanga katika vikundi vilivyoitwa boma, wakajipa vyeo vya kijeshi, wakashindana kijiji kwa kijiji. Watawala wa Kiingereza, kwa upande wao, waliitazama beni kwa shaka, wakihofu kuwa nyuma ya mchezo kuna siasa.

Anayeijua ngoma hiyo hatashtuka mno kwa yaliyotokea Nairobi miaka mia moja baadaye. Mwaka 2019 Martin Khanja, ajiitaye Lord Spikeheart, na Sam Karugu waliunda kundi la watu wawili. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na bendi yake, Khanja katika Lust of a Dying Breed na Karugu katika Seeds of Datura, ndani ya jamii ndogo ya wapenzi wa muziki wa metali jijini humo. Walikwenda Kampala, wakarekodi katika studio za Nyege Nyege, na Agosti 2020 albamu yao ikatoka kwa jina la kundi lenyewe: Duma. Kwa Kikuyu, walieleza, neno hilo ni giza. Sikio la Mswahili husikia kwanza mnyama mwenye madoadoa, apitaye wote kwa mbio na kuchoka mapema. Kisha husikia kitenzi kudumu, kimegeuzwa irabu ya mwisho.

Ndani ya albamu hiyo mna gitaa lililokwaruzwa hadi likasahau nyuzi zake, midundo ya kompyuta ikimbiayo kuliko mkono wowote, na sauti ya Khanja ikipiga ukelele. Sehemu ya nasaba yake ni panki, hasa lile tawi kali liitwalo hadikoo, lililochipuka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Bad Brains, vijana weusi wa Washington, walikuwa miongoni mwa waasisi wake. Minor Threat, wa mji huohuo, walianza 1980 na kuvunjika 1983. Miaka mitatu hiyo imetosha kuigwa hadi leo.

Mpenzi wa shairi atalalamika kuwa katika ukelele ule maneno hayashikiki. Ni kweli. Hata ndani ya kibuyu konsonanti huzama, ukabaki mvumo. Lakini lawama nzito zaidi kwa vijana wa metali ni kwamba kelele yao si yetu, au ni ya shetani. Kenya ni nchi ambayo mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani. Kulipiga gitaa la namna ile katika nchi yenye hofu hiyo kulihitaji moyo.

Duma ya wawili haikudumu. Mwaka 2024 Khanja alitoa albamu yake binafsi, The Adept, akaitunuku kwa bibi mzaa babu zake, Muthoni wa Kirima: mwanamke wa Mau Mau aliyefikia cheo cha Field Marshal, aliyetoka msituni mwaka 1963 na kuzifuga nywele zake za msituni hadi 2022, akafariki 2023. Kelele iliyodhaniwa ya kuazima ikataja ukoo wake kwa jina. Aliyesikia ukelele tu hakujua kuwa nyuma yake kuna msitu, na baridi, na miaka ya kujificha ambamo kupaza sauti kulikuwa kuitafuta mauti.

Methali, basi, haikukosea, imesema nusu. Vikundi vya mganda vilivunjika pamoja na rika zilizoviunda, na mganda ukaendelea kuchezwa. Utando wa buibui ni kitu dhaifu kuliko ngozi ya ngoma. Ukitoboka, mpigaji hutafuta mwingine, akaubandika juu ya kibuyu kilekile, akaendelea kuimba.