Mlima Uluguru, pikipiki na kofia ya mtoto

Anayeingia Morogoro kutoka Dar es Salaam huuona mlima kabla ya mji. Uluguru umesimama upande wa kusini, mara nyingi mawingu yakiwa yamekaa juu ya Bondwa, penye minara ya mawasiliano. Ukishuka stendi ya Msamvu, kazi ya kwanza ni kuwakatalia bodaboda watano kabla ya kupatana nauli na mmoja.

Wengi wa wageni hutaka Morningside, nyumba iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1911. Njia ya kupanda huko ni ya mawe na makorongo, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Upande wa pili wa mlima, pikipiki hushusha mboga za Mgeta. Upande wa Bigwa hupita zikielekea Matombo na Kisaki, abiria nyuma, mkungu wa ndizi mbele.

Katika barabara kuu ya kwenda Mikumi na Iringa hupita pikipiki za aina nyingine: kubwa, zenye masanduku ya bati pembeni, na wenyewe ni watalii wanaovuka Afrika. Safari kama hizo zina wadhamini. Mwaka 2004 mwigizaji Ewan McGregor na rafiki yake Charley Boorman walisafiri kwa pikipiki kutoka London hadi New York. Kampuni ya KTM ilikataa kuwapa pikipiki, BMW ikakubali. Mwaka 2007 wakashuka kutoka Scotland hadi Cape Town, wakipita Kenya na Tanzania, tena juu ya BMW, na safari zote mbili zikaoneshwa kwenye televisheni. Kampuni ilichopata ni picha: mtu, chombo na vumbi la Afrika nyuma yake. Tangu hapo wasafiri wengi huomba matairi au koti la bure, nao hulipa kwa picha.

Itazame picha hiyo vizuri. Aliyepanda amevaa kofia inayofunika hadi kidevu, koti lenye kinga za viwiko, buti hadi karibu na goti. Amevalishwa kwa ajili ya kuanguka.

Bodaboda wa Morogoro naye hubeba matangazo. Kizibao chake cha kung'aa mara nyingi kina rangi na jina la kampuni ya simu au la kinywaji. Si kitu cha kubeza, maana usiku humwonesha dereva kwa mwenye lori. Lakini hakilindi fuvu. Dereva mwenye pikipiki ya mkataba hufikiria kwanza hesabu ya bosi. Kofia ya abiria hungoja. Na asubuhi za shule mishikaki hupita: watoto watatu wenye sare nyuma ya dereva mmoja, vichwa wazi.

Kanuni za mwaka 2010 za pikipiki za biashara zilitaka abiria mmoja tu, avae kofia, na zilikataza kubeba mtoto wa chini ya miaka tisa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulionesha kuwa kofia hupunguza majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42. Hizo ni kofia zilizofungwa mkanda. Ya mtu mzima juu ya kichwa cha mtoto huzunguka na kuchomoka, na iliyokwisha kupasuka haifai tena. Anayeogopa jasho la abiria waliotangulia avae kitambaa safi ndani yake.

Siku kampuni inapoleta vizibao kijiweni, kamati ya shule iliyo jirani ina haki ya kuuliza mbona hakuna kofia za saizi ya watoto. Nembo itaonekana huko pia.

Kwa familia inayotaka Morningside Jumapili, mtoto aliyevuka miaka tisa na mzazi wachukue pikipiki mbili. Wapo madereva wanaozima injini wakishuka ili kuokoa mafuta, na breki peke yake haitoshi kwenye mteremko ule. Hilo wapatane mapema, pamoja na nauli. Wenye wadogo zaidi hupanda kwa miguu, taratibu, na maji ya kunywa mkononi.