Fungu la Wageni

Kwetu karibu na Tororo, Uganda, tu watu sita, na mama hutenga shilingi 200,000 kila mwezi kwa chakula na sabuni. Wakati wa likizo mimi ndiye mshika daftari. Unga, maharagwe na chumvi twanunua mara moja, siku ya gulio. Sukari ya shilingi 1,000 kila siku ingekula 30,000 kwa mwezi. Kilo 5 za pamoja hutugharimu 24,000, nazo hutufikisha mwisho.

Hiyo ni hesabu tu. Kinachovunja mpango ni ugeni. Hapana mtu wa kwetu awezaye kumwambia mjomba kwamba daftari limekataa chai. Kwa hiyo mama huweka kando shilingi 20,000 za wageni kabla ya kununua hata kibiriti. Wasipokuja, fedha hizo huingia katika karo ya mdogo wangu, ambaye muhula uliopita alirudishwa nyumbani wiki mbili.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nanyi mtakaopokea mshahara wa kwanza mwakani, mnapoandika daftari lenu, mwandikeni na mgeni.