Kahawa Ikiwa Bado Maua

Kanyigo, Kagera

Mwanangu mpendwa,

Mama yako ameniambia kuwa tajiri wako huko Karagwe amekukabidhi fedha za kununulia kahawa, na kwamba ulimpigia simu usiku ukimwuliza kama mtu aliyeokoka anaweza kununua butura. Nimefurahi sana kwamba swali hilo lilikunyima usingizi.

Jibu langu ni hapana.

Butura unaijua. Mibuni ndiyo kwanza imetoa maua, na mkulima ana shida: mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, au kuna mgonjwa. Mnunuzi anakuja na fedha taslimu, anataja bei anayoitaka, na mavuno ambayo hayajawa hata punje yanakuwa mali yake. Msimu ukifika, mwenye shamba anachuma, anaanika, anageuzageuza kwenye mkeka hadi maganda yakauke, anafunga gunia, kisha anamkabidhi mtu aliyelipa sehemu ndogo tu ya thamani yake. Watakwambia ni biashara, wamekubaliana. Makubaliano gani hayo, ikiwa mmoja ana noti mfukoni na mwenzake ana mtoto anayechemka homa mgongoni? Soma Kutoka 22. Mungu anaagiza kwamba ukichukua vazi la maskini kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijazama, maana ndilo analojifunika akilala. Maskini yule alilitoa mwenyewe, kwa hiari yake, na bado Mungu anataka lirudi.

Nataka ujue pia nyumba uliyotokea. Babu yako alikuwa karani wa mizani. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulifika Katoke mwaka 1939, ukaenea hadi kwetu, naye ukamkuta kazini. Waliookoka siku zile walijulikana kwa kurudisha: jembe lililoibwa, deni lililokanwa, mbuzi wa jirani. Habari ya Zakayo waliisoma wakaitenda kama ilivyoandikwa. Babu yako alikwenda kwa miguu nyumba kwa nyumba, akawalipa wakulima aliowapunja kilo. Wengine walimcheka, wengine walidhani amerukwa na akili, na ilibidi auze ng'ombe ili fedha zitoshe. Nimekulia katika nyumba isiyo na ng'ombe yule, na sikuwahi kumsikia mama akimlilia. Siku hizi tunakutana, tunaimba, tunashuhudia vizuri sana, lakini kurudisha kumepungua. Jambo hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Basi anza na mizani yako. Isomeke sifuri kabla gunia halijapanda, na mkulima asogee aione namba kwa macho yake, hasa bibi asiyejua kusoma; msomee polepole, au mwite mjukuu wake amsomee. Usimkate mtu kilo kwa kisingizio cha unyevu wakati kahawa yake inalia kavu mkononi mwako. Nabii Amosi aliwakemea watu waliokuwa wakingoja Sabato iishe ili warudi kwenye vipimo vyao vya uongo. Walikuwa watu wa ibada, wala hawakukosa siku. Na fungu la kumi lililotoka kwenye butura usilipeleke madhabahuni. Mpelekee mwenye shamba.

Zungumza na tajiri wako kwa adabu, mchana, mkiwa wawili. Mwambie utamnunulia kahawa iliyovunwa, kwa bei ya siku hiyo, na kwamba hata senti moja ya fedha zake haitapotea. Huenda akakubali, maana karani asiyeiba ni wa thamani kwa mfanyabiashara yeyote. Huenda pia akakufukuza. Sitakuficha hilo, wala sitakuahidi kwamba Mungu atakupa kazi nzuri zaidi wiki ijayo. Ukifukuzwa, njoo nyumbani. Shamba lipo, na chakula hakitakosekana.

Limebaki moja, nalo ndilo gumu. Mama yako anasema kuna mjane anayekujia akikusihi ununue maua yake, kwa kuwa mwanawe anatakiwa kupelekwa hospitali. Ukikataa butura kisha ukamwambia tu kwamba utamwombea, utakuwa umejilinda mwenyewe na kumwacha yeye alivyokuja. Yakobo, katika sura ya 2, aliandika habari za mtu anayemwambia mwenye njaa aende akashibe, asimpe kitu.

Nimekutumia shilingi laki moja kwa simu. Mkopeshe yule mama bila riba, mwandikiane kwenye karatasi mbele ya mzee wa kanisa, na muandike wazi kwamba kahawa ni yake, ataiuza anakotaka msimu ukifika. Kama haitoshi kwa hospitali, nipigie kabla ya Jumapili niwaeleze wenzangu wa kikundi cha akina mama.

Ni mimi shangazi yako akupendaye.