SPANA NAYO INA HISABU: NASAHA KWA ANAYETENGENEZA GARI LAKE NYUMBANI



Ndugu zangu wapenzi, baada ya darsa ya juzi kijana mmoja alinifuata akaniambia: "Shekhe, nimejaaliwa gari. Nataka sevisi ndogondogo niwe nafanya mwenyewe nyumbani. Nimeona sanduku la spana lina vipande 120, bei yake si mbaya. Ninunue?" Aliniuliza mimi kwa sababu hapa mtaani kwetu Tanga watu wanajua kuwa oili ya gari langu naimwaga mwenyewe, na pikipiki ya mwadhini wetu ikigoma inaletwa kwangu. Nilimjibu kwa ufupi. Lakini swali lake linastahili jibu refu, na naona wengi wenu litawafaa.

Kuna atakayesema: imamu na spana wapi na wapi? Ndugu yangu, Nabii Daudi (a.s.) alikuwa mfua chuma. Katika Suratu Saba Allah (s.w.) anatueleza kuwa alimlainishia chuma, akamwamrisha atengeneze deraya na akadirie sawasawa uunganishaji wa pete zake. Zingatia hapo. Mtume wa Mwenyezi Mungu anafundishwa kipimo katika kazi ya chuma. Basi spana si kitu kingine ila kipimo. Namba iliyogongwa juu yake ni ahadi, na ahadi huulizwa.

LA KWANZA: Jua kipimo cha gari lako kabla hujatoa pesa.

Gari nyingi zilizopo kwetu ni za Kijapani. Kwa Toyota ya kawaida, namba utakazozishika kila siku ni 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21. Terminali ya betri ni 10. Nati ya kumwagia oili kwenye Toyota nyingi ni 14. Nati za tairi ni 21. Plagi nyingi zinataka soketi ya 16 yenye shingo ndefu. Mwenye gari la Ulaya atahitaji 13 na 16 mara kwa mara, na bolti zake nyingi zina kichwa cha nyota.

Sasa fungua lile sanduku la vipande 120 uhesabu. Nusu ni vichwa vya bisibisi. Kisha kuna soketi za inchi ambazo gari lako halina hata nati moja ya kuzivalisha. Na hizo za inchi zina hatari yake. Inchi 9 kwa 16 ni kama milimita 14.3. Itaingia kwenye nati ya 14, utaona imekaa, lakini ina ulegevu. Ukiivuta kwa nguvu, inalamba pembe za nati na nati inakuwa duara.

Usimlipe mtu pesa kwa wingi wa vyuma usivyovihitaji, ukarudi nyumbani huna vile unavyovihitaji. Israfu haipo kwenye chakula cha harusi tu. Mwenye kipato kidogo, anza na spana saba au nane zenye mdomo upande mmoja na ringi upande wa pili, soketi za namba zile zile, racheti moja ya nusu inchi na mkono mmoja wa kurefushia. Ukipata tena, ongeza racheti ndogo ya inchi 3 kwa 8 kwa kazi za sehemu finyu. Sanduku langu mimi halifiki vipande 40, na ndani yake kuna ringi mbili nilizoachiwa na marehemu mjomba wangu aliyekuwa dereva wa lori. Zina umri mkubwa kuliko watoto wangu wote, na bado zinashika nati vizuri.

LA PILI: Kikague chombo chenyewe.

Nenda dukani na nati na bolti zako mfukoni, ya 10, ya 14 na ya 17. Ivalishe soketi kwenye nati uitikise. Ikicheza sana, irudishe. Angalia ndani ya soketi: ipo yenye pembe 6 na ipo yenye pembe 12. Ya pembe 12 ni rahisi kuivalisha, ila ile ya pembe 6 inakumbatia nati mbavuni, na kwa nati zetu za pwani zilizoliwa na kutu ya chumvi ndiyo yenye rehema. Kwa soketi, chagua pembe 6.

Tazama namba. Iwe imegongwa kwenye chuma, isiwe imepakwa rangi. Pitisha kidole kwenye mdomo wa spana: ukikuta vinyweleo vya chuma au mng'aro unaobanduka, iache. Zungusha racheti polepole sikioni uhesabu. Yenye meno 72 inashika kila nyuzi 5, yenye meno 24 mpaka usogeze nyuzi 15, na chini ya gari hiyo tofauti ndiyo ya kumaliza kazi au kukwaruza vidole. Soketi zinazong'aa ni za mkono. Za mashine ya upepo ni nyeusi na nene. Usizichanganye, maana ile inayong'aa ikipigwa na mashine inaweza kupasuka ikakurukia usoni.

Na ile spana ya kurekebisha mdomo, ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kulitamka hapa, iwe nayo moja kwa kazi za bomba la maji. Usiifanye ndiyo tegemeo lako kwenye gari. Chombo kinachojifanya kinatosha kila nati, mara nyingi hakishiki hata moja barabara.

LA TATU: Neno kwa wanaouza.

Spana nyingi zimeandikwa Cr-V, maana yake ni chuma kilichochanganywa na kromiamu na vanadiamu, kigumu kisichopinda ovyo. Lakini maandishi hayana mlinzi. Muumini mmoja wa msikitini kwetu alinunua sanduku lenye maandishi hayo. Siku ya kwanza soketi ya 17 ilipasuka ubavuni kama muwa. Aliporudi dukani akaambiwa kitu kikishauzwa hakirudi.

Ndugu yangu mfanyabiashara, tunajua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akaingiza mkono kwenye rundo la chakula, akakuta chini kuna maji yaliyofichwa, akamkataa mwenye ghashi kuwa si katika sisi. Chuma kilaini kilichopakwa mng'aro ndiyo yale maji ya chini ya rundo. Na katika fiqhi, mnunuzi akikuta aibu iliyokuwepo tangu dukani naye hakuijua, ana haki ya kurudisha. Kibao cha "mali ikiuzwa hairudishwi" hakihalalishi kuficha aibu. Nawe mnunuzi, nunua kwa anayekubali kuandika risiti na kubadilisha kipande kibovu. Ukilipa zaidi kidogo kwa mtu mwaminifu, hujapunjwa.

LA NNE: Jambo linalonifanya niandike.

Spana mbovu kwenye terminali ya betri itakuudhi. Kwenye nati za tairi inaweza kuua. Unampakia mama watoto, unawapakia watoto, mnaelekea Dar. Mkifika Segera gari linatikisika, kwa sababu nati mbili ziliviringika hazikukazika. Tena mwenye gari la mbele yako naye ana watoto. Uislamu umetukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine.

Kuna wanaodhani kukaza sana ndiyo usalama, wakachomeka bomba kwenye mpini au wakasimama juu ya wilispana. Toyota Corolla nyingi zinataka nati za tairi zikazwe kwa Nyutoni mita 103. Hiyo ni kama kutundika kilo 21 mwisho wa mpini wa nusu mita. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya mpini huo, ametia zaidi ya mara 3 ya kiasi. Uzi unavutika, stadi inachoka, na siku moja inakatika wewe upo mwendo wa kasi. Mara nyingine huwezi hata kuifungua ukipata pancha usiku.

Kwa hiyo, akiba yako ya baadaye iwe spana ya kupimia mkazo. Soma kitabu cha gari lako upate kiwango chake. Kaza kwa kuvuka, nati hii kisha ile inayoitazama, na ukishatembea kilomita chache simama uzipime tena. Kama kitendea kazi sahihi huna, mpelekee fundi. Hiyo si aibu, ni ihsani. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Allah anapenda mja akifanya kazi aifanye kwa ustadi.

LA TANO: Spana ya jirani.

Ukishakuwa na spana nzuri, majirani watagonga mlango. Usinune. Katika Suratul Maun, sura fupi yenye aya 7 tu, wanalaumiwa wanaozuia vitu vidogo vya kusaidiana, na swahaba Abdullah bin Masud (r.a.) alivifasiri kuwa ni kama shoka, chungu na ndoo ambavyo watu huazimana. Je, spana ya 14 si katika hivyo?

Lakini nawe unayeazima, sikiliza. Mtume (s.a.w.) aliazima deraya kwa Safwan bin Umayya kabla ya Hunayni, na akamhakikishia kuwa ni azima yenye dhamana. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, wengi wetu pwani tunayoyafuata, spana ikiharibika katika matumizi uliyoruhusiwa, hulipi. Ukiigeuza nyundo ikapasuka, ukaipoteza, au ukampa mwingine bila ruhusa, ni deni shingoni mwako. Ni spana ngapi za 10 zimelala kwenye nyumba zisizo zao? Kabla hujalala leo, fungua droo yako uangalie. Ukikuta ya mtu, ifute oili umrudishie, na umwombe radhi kwa kuchelewa.

Ewe Mola wetu, tubarikie katika vyombo vyetu, utulinde safarini sisi na familia zetu, na utujaalie tuwe watu wa kutimiza vipimo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako mwenye gari au pikipiki, huenda ikawa sababu ya kukagua nati zake kesho asubuhi.