Mwisho wa Juma Nje ya Bwiza

Bwiza ni mmoja wa mitaa mikongwe ya Bujumbura, nao umo katikati kabisa ya mji. Ulipoanzishwa wakati wa utawala wa Wabelgiji, siku ambazo mji wenyewe ukiitwa Usumbura, wenyeji waliuita Belge. Jirani yake, Buyenzi, ukajulikana kuwa mtaa wa Waswahili. Njia zake zimepangwa kwa nambari, nyumba zimebanana, na katika ua mmoja husikika Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kilingala kabla chai haijapoa. Jioni moshi wa mishikaki hutanda barabarani, muziki hutoka katika kila mlango, na mtu akitaka kimya hana budi kukifuata mahali pengine.

Kimya hicho ndicho kilichowatoa nyumbani Bwana mmoja na Bibi yake, wakaazi wa mtaa huo, ambao wamejiwekea desturi ya kusafiri au kutembea mwisho wa juma kufuatana na majira. Bwana ni askari jeshi. Bibi anauza vitenge sokoni. Hawana gari, na mshahara wa askari hauhitaji kuelezwa kwa wasomaji wa ukurasa huu. Lakini lipo jambo ambalo familia nyingi za askari na polisi zitalielewa upesi: watu hawa wawili walikuwa wamekwisha kuwa wageni ndani ya nyumba moja.

Burundi ilipeleka askari wake wa kwanza Somalia mwezi Desemba 2007, katika jeshi la Umoja wa Afrika, ikaendelea kuwapeleka kwa zamu mpaka mwisho wa mwaka 2024. Bwana alikwenda zamu mbili. Aliporudi mara ya pili alikuta watoto wanamwomba mama yao ruhusa ya kwenda kucheza, hali baba ameketi pale pale. Sukari ilikuwa imehamishwa kabati, fundi wa bomba alikuwa mwingine, na hata kodi ilikuwa ikilipwa tarehe asiyoijua. Hakuna aliyemkosea, maisha yalikuwa yameendelea bila yeye, basi. Bwana alizoea kukaa kizingitini akitazama njia, kama mtu anayengoja gari.

Tena wote wawili walizaliwa Bwiza wakakulia katika vita vilivyoanza mwaka 1993. Mwezi Machi 1995 Bwiza na Buyenzi zenyewe ziliingiwa na mauaji, jirani wakatengana na jirani. Barabara za kupanda milimani zilikuwa za hatari, na amri ya kutotembea usiku iliondolewa mwaka 2006 tu. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba Bwana aliijua Mogadishu kabla ya kuujua mlango wa mto Rusizi, ulio kilometa zipatazo 15 kutoka kitandani pake. Bibi ndiye aliyelisema jambo hilo, usiku mmoja, kwa mzaha. Mzaha ule ulimchoma Bwana hata asipate usingizi, na asubuhi akauliza nauli ya kwenda Gatumba ni kiasi gani.

Utaratibu wao ni mwepesi. Asubuhi ya Jumamosi ni ya kazi za maendeleo ya mtaa. Watu hufyeka majani na kuzibua mitaro, na magari hayaendi mpaka kazi ikwishe. Baada ya hapo Bibi hufungua kopo la maziwa ya unga linalotumika kama benki. Zikipatikana nauli za watu wawili, kwenda na kurudi, pamoja na bei ya sahani moja ya samaki, safari ipo. Zikipungua, ni matembezi ya miguu. Watoto hubaki kwa shangazi yao. Majirani hawakukosa la kusema juu ya watu wenye watoto wanne wanaotembea kama wachumba, na mama mzazi wa Bwana alisema waziwazi kwamba nauli ile ingenunua maharage.

"Mama," Bibi alimjibu kwa heshima, "maharage yapo. Aliyekuwa hayupo ni mwanao."

Mama mkwe hakuongeza neno. Juma lililofuata yeye mwenyewe aliwapelekea ndizi za njiani.

Kiangazi, ambacho Warundi hukiita ici, huanza mwezi Juni na kuendelea mpaka Septemba. Vumbi hujaa Bwiza, na kila mwenye nafasi huelekea ziwani. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zipatazo 670 na kina cha mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake linalolishinda kwa kina. Nchi nne hunywa humo: Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Ukiketi kwenye mchanga wa upande wa Gatumba wakati wa jua kuchwa, milima ya Kongo juu ya Uvira huonekana kama imesogea usiku ili isikilize mazungumzo.

Walakini pwani hiyo si ile ya picha za zamani. Maji ya ziwa yalipanda mno mwaka 2021, na tena mwaka 2024, yakikaribia kimo ambacho wazee hukikumbuka tangu mwaka 1964. Nyumba za pwani zikaingiliwa na maji, na watu wa Gatumba, waliokwisha kupigwa na mafuriko ya Rusizi mwezi Aprili 2020, wakahama na magodoro vichwani. Bwana na Bibi walipata kukaa karibu na ukuta mmoja wenye alama ya maji juu kuliko kiuno cha mtu mzima. Bwana alipima kwa mkono wake, kisha akausogeza mkeka nyuma hatua kumi, ingawa ziwa siku hiyo lilikuwa limetulia kama mafuta ndani ya chupa.

Chakula cha hapo ni mukeke wa kuchoma, kwa ndizi na vitunguu. Siku moja Bwana alilalamika kwamba sokoni ndagala zimepanda bei bila sababu. Bibi akacheka. Akamweleza kwamba wavuvi huzivua usiku kwa taa, maana samaki hao hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti tena, mitumbwi hukaa ufukoni, na bei hupanda. Mwenye nyumba mwenye busara hununua akiba mwezi ungali mwembamba. "Miaka yote hii nilidhani mnapunjwa," alisema Bwana. Lilikuwa jambo dogo, lakini lilikuwa la kwanza kumwuliza mkewe kuhusu nyumba na kusikiliza jibu mpaka mwisho.

Jua likizama hawachelewi kuondoka, kwa kuwa viboko hutoka majini kula majani, na kiboko hana mzaha na mtu aliyesimama kati yake na maji. Wenyeji wanalijua hilo. Wageni hujifunza, baadhi yao kwa taabu.

Safari iliyowaingia zaidi ilikuwa ya mlango wa Rusizi, ndani ya hifadhi ya taifa yenye jina hilo hilo. Kuna minazi mwitu mirefu, matete, ndege wa kila rangi, viboko, na mamba ambao hapana haja ya kuwatafuta kwa karibu. Rusizi hutoka Ziwa Kivu ukashuka mpaka Tanganyika. Leo kila mtoto wa shule anajua hivyo, lakini mwezi Novemba 1871 Livingstone na Stanley, wakiwa wamekwisha kukutana Ujiji, walipanda mtumbwi mpaka huku kutafuta jibu la swali moja: je, mto huu unaingia ziwani, au unatoka? Ungekuwa unatoka, huenda ungekuwa ndio mwanzo wa Naili. Wakaukuta unaingia.

Bwana, kwa tabia ya askari, hakuridhika na habari za vitabu. Alikata kipande cha tete, akakitupa majini, akakitazama. Tete lilizunguka kidogo, likashika njia kuelekea ziwani.

"Unaingia," alisema.

"Wale wawili walitoka mbali kuja kuliona hilo," alijibu Bibi, "na wavuvi wangeliwaambia bure."

Hakukosea. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, wenyeji waliwaambia kwamba mto unaingia. Haikutosha kuwaridhisha wote huko Ulaya.

Upande wa kusini mwa mji, yapata kilometa 12, lipo jiwe kubwa la Mugere, lililoandikwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871, mahali walipolala siku mbili katika safari hiyo hiyo. Wako watu, na hata waongozaji wa wageni, wanaosema kuwa hapa ndipo walipokutana mara ya kwanza. Si kweli, na Ujiji haitakubali. Lakini kwa upepo na mandhari, Mugere haina deni kwa mtu. Kutoka juu pale ziwa lote la upande wa mji huonekana, na Bwiza haionekani kabisa, jambo ambalo Bibi alisema ndilo alilolilipia nauli.

Masika hubadili dira. Mvua zikinyesha ziwa huwa la udongo, mito kama Ntahangwa hukata kingo zake, na barabara ya kusini huweza kufungwa na maporomoko. Ndipo hupanda milimani, hadi Bugarama, kwenye barabara kuu iendayo kaskazini. Kutoka joto la Bujumbura, gari hupinda na kupinda mpaka zaidi ya mita 2,000, na abiria waliokuwa wakijipepea huanza kuomba koti. Huko soko limejaa viazi, kabichi na karoti zenye umande. Njiani hupishana na vijana wa baiskeli waliobeba mikungu ya ndizi wakiteremka kwa kasi ya kutisha, na wengine wakipanda huku wameshikilia nyuma ya malori. Polisi wa barabarani wanaosoma hapa wanajua ni wangapi hawakufika.

Ni katika barabara hiyo, ukungu ukiwa umefunika mabonde, Bibi alipoanza kueleza habari za marehemu baba yake, aliyekuwa utingo wa lori. Katika miaka ya vita malori yalingojana yaende kwa msafara, askari mbele na nyuma. Mara moja baba alichelewa siku tatu. Mama yake alipika kila jioni kwa ajili ya watu wote, akakiweka chakula cha baba pembeni, na asubuhi akawapa watoto bila kusema kitu. "Nami nilifanya vilevile ulipokuwa Somalia," alisema, "ila mimi nilikula mwenyewe." Bwana alinyamaza mpaka kituo kilichofuata. Kisha naye akasema machache juu ya Mogadishu, ambayo si ya gazeti. Walirudi na gunia la viazi, na mazungumzo hayakukoma mpaka Bwiza.

Mvua ikizidi, mji wenyewe unatosha. Huenda kwa miguu Buyenzi kunywa chai na chapati, au jumba la wanyama lililofunguliwa mwaka 1977, lenye nyoka na mamba. Mara nyingine hupanda kilima cha Vugizo, alipozikwa Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Kati ya Waswahili wa mji huu Rwagasore alikuwa na marafiki wengi, na wazee wa Bwiza na Buyenzi hulitaja jina lake kama la jamaa.

Mara moja tu kopo liliwafikisha mbali, Gishora karibu na Gitega, zilipo ngoma za kifalme za zama za Mwami Mwezi Gisabo. Ngoma ya Burundi iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Bibi aliuliza kama wanawake nao wanaweza kupiga, akaambiwa kwamba amri ya mwaka 2017 inakataza. Hakubishana na mwongozaji. Alipiga mapigo yale kwa vidole juu ya mkoba wake njia yote ya kurudi, na Bwana akijifanya haoni.

Sasa wanaitazama Rutovu, kwenye chemchemi ya kusini kabisa ya Naili, iliyotambulishwa na Mjerumani Burkhart Waldecker katika miaka ya 1930 na kujengewa piramidi ndogo ya mawe. Uhaba wa petroli wa mwaka 2024 uliwavunjia safari mbili, nauli ikapanda, na mtoto wa kwanza ameomba kuchukuliwa. Kopo lilipohesabiwa mara ya mwisho lilikuwa na nauli ya watu watatu kwenda, na ya mmoja kurudi.