Magunzi ya Shambani na Njia ya Kuni



Kila mwaka, baada ya kupukuchua mahindi, niliyakusanya magunzi pembeni ya shamba nikayatia moto. Nilidhani huo ndio usafi wa mkulima. Na wakati uleule mke wangu na binti yetu mkubwa walikuwa njiani kutafuta kuni. Sisi wa Rutshuru twaijua njia ile. Msitu ni wa Hifadhi ya Virunga, iliyowekwa tangu mwaka 1925. Kukata miti humo ni marufuku, na watu wenye silaha huzunguka. Jioni moja walichelewa hata giza likaingia. Nilisimama nikitazama njia, na nyuma yangu magunzi yalikuwa yakiwaka bure. Waliporudi salama, niliona haya.

Jirani yangu mwalimu akanieleza kazi ambayo wataalamu huiita pirolisi, yaani kuunguza kitu pasipo kukipa hewa. Gunzi likipata hewa, huteketea likawa majivu. Likinyimwa hewa, na joto likipita nyuzi 300, hugawanyika sehemu tatu: gesi iwakayo, majimaji meusi kama lami, na makaa. Viwandani huliunguza upesi, kwa nyuzi 500 hivi, wapate majimaji mengi ya kuwa mafuta. Lakini mafuta hayo ni makali kama siki, hula chuma, nayo hayafai katika injini kabla ya kutengenezwa. Sisi wa kijijini makaa yatutosha.

Basi nikatwaa pipa la lita 200, nikalitoboa matundu chini, nikakata mdomo juu, nikaliweka juu ya mawe matatu. Nikalijaza magunzi makavu, nikawasha. Moshi mzito mweupe ulipopungua ukawa mwepesi, nikaondoa mawe, nikafunika, nikaziba kila ufa kwa udongo. Hapo yapasa kungoja saa mbili au zaidi. Mimi sikungoja. Nilipofunua, hewa iliingia, makaa yakashika moto, nikabaki na majivu. Mke wangu akasema tu: “Baba watoto, hata wali hauivi ukifunuliwa kila mara.”

Mara ya pili nilingoja. Makaa tuliyatwanga, tukayachanganya na uji wa muhogo, tukafinyanga madonge, tukayaanika juani mpaka yakakauka. Yalipika maharage vizuri, na moshi wake ulikuwa mdogo. Lakini jihadharini! Makaa yote hutoa gesi isiyoonekana wala kunuka, nayo imewaua watu waliolala na jiko katika nyumba iliyofungwa. Jiko likae nje.

Sitawadanganya. Kilo nne za magunzi hazinipi zaidi ya kilo moja ya makaa, na magunzi yangu hayatoshi mwaka mzima. Mabua na majani nayaacha shambani, maana udongo nao wataka chakula chake. Lakini katika majuma tunayopikia madonge yetu, binti yetu haendi msituni, huenda shuleni.

Nanyi akina baba, kabla ya kuwasha moto pembeni ya shamba, jiulizeni kwanza: ni nani wa nyumba yangu aliye njiani sasa, akitafuta kuni?